Kuvua kwa Ndoana katika Ziwa Rukwa

Wakulima wa Ufipa mshukao bondeni kutafuta kitoweo, yafaa mjue kazi ya ndoana tangu mwanzo hata mwisho.

Mwanafunzi na achague ndoana ndogo, maana kinywa cha perege ni kidogo. Amtie nyungunyungu hata ncha isionekane. Asimame kimya, mbali kidogo na ukingo, kwa sababu ziwa lina mamba, wala kivuli chake kisianguke majini. Chelezo kikitikisika, asubiri, maana samaki aonja tu, kikizama, avute.

Aliyekwisha kuyajua hayo na ajifunze kutazama. Perege dume huchimba kiota mfano wa sahani penye maji machache. Jike hutaga humo, kisha huyatunza mayai kinywani. Ukiona viota hivyo, hama. Samaki mdogo mrudishe upesi kwa mkono uliolowa.

Ziwa hili halina mto utokao; hupanuka na kupungua. Mwaka 1929 urefu wake ulikuwa maili 30 hivi, na mwaka 1939 maili 80 hivi. Likipungua, samaki wasaliao ndio mbegu. Mkulima hali mbegu yake. Mvuvi naye asile.