MAELEZO KUHUSU ULISHAJI WA WATOTO WACHANGA, KATA YA KATANDALA

Wananchi na watumishi wa umma wa Kata ya Katandala, Manispaa ya Sumbawanga, wanafahamishwa kwamba ushauri juu ya kumlisha mtoto ambaye mama yake ana virusi vya UKIMWI umebadilika sana tangu miaka ya 1990. Baadhi ya mambo ambayo bado yanasimuliwa majumbani, na wakati mwingine hata maofisini, yamekwisha kupitwa na wakati. Makala haya yanaeleza kilichobadilika na sababu zake.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Baadaye ilithibitishwa kwamba virusi hupita pia katika maziwa ya mama. Pasipo dawa yoyote, kati ya watoto 100 wa akina mama wenye virusi, 15 hadi 25 huambukizwa wakati wa ujauzito na kujifungua, na wengine 5 hadi 20 kwa kunyonya. Kwa hesabu hiyo wengi walidhani jawabu ni maziwa ya kopo. Utafiti uliofanyika Nairobi, matokeo yake yakatolewa mwaka 2000, ulionyesha kwamba hadi umri wa miaka miwili watoto 37 kati ya 100 walionyonya waliambukizwa, na 21 kati ya waliopewa kopo. Hata hivyo, idadi ya vifo katika makundi hayo mawili haikutofautiana sana. Huko Botswana, matokeo ya mwaka 2006 yalionyesha kwamba hadi miezi saba walikufa watoto 9 kati ya 100 wa kopo, na 5 kati ya wale walionyonya huku wakipewa dawa. Kopo liliwaepusha na virusi, kisha likawaacha mikononi mwa kuhara na vichomi.

Jambo lililowashangaza wataalamu zaidi lilitoka Durban mwaka 1999. Watoto walionyonya maziwa ya mama peke yake waliambukizwa kwa kiwango cha chini kuliko wale waliochanganyiwa maziwa ya mama na vitu vingine. Maelezo yanayotolewa ni kwamba maji, uji na maziwa ya ng'ombe huukwaruza na kuuvimbisha utumbo mwororo wa mtoto, na virusi hupata mlango.

Hapa ndipo suala linapogusa nyumba zetu. Ufipa ni nchi ya juu yenye baridi, na ni nchi ya wakulima. Mama hurudi shambani mapema, mtoto hubaki na bibi yake, na bibi akisikia kilio huona ni njaa, akakoroga uji mwepesi wa mahindi au ulezi. Hafanyi hivyo kwa ubaya. Ndivyo naye alivyolelewa. Lakini mama ambaye hajamweleza mama mkwe wake hali yake ya afya hana neno la kumzuia. Kwa maoni yetu, siri hiyo ndiyo kikwazo kikubwa kuliko ukosefu wa dawa. Ifahamike kwamba hakuna ulazima wa kutoboa siri ili kuzuia uji: mtoto yeyote, awe wa mama mwenye virusi au asiye navyo, hapaswi kupewa hata maji kabla ya kutimiza miezi sita. Bibi aelezwe kwamba hiyo ni kanuni ya watoto wote, maana ndiyo kweli. Dawa zilizoandikwa na mganga haziingii katika katazo hilo. Aidha, dang'a, yaani yale maziwa ya mwanzo ya rangi ya njano, yasikamuliwe na kumwagwa. Ni kinga ya kwanza ya mtoto.

Badiliko kubwa lililofuata ni la dawa. Katika utafiti wa Mitra Plus uliofanyika Dar es Salaam kuanzia mwaka 2004, akina mama walimeza dawa za kufubaza virusi huku wakinyonyesha, na hadi miezi sita walioambukizwa walikuwa watoto 5 hivi kati ya 100. Utafiti mwingine uliohusisha Mombasa na Nairobi, ambao ulipewa jina la Kiswahili la Kesho Bora, ulithibitisha faida hiyo. Mwaka 2013 Tanzania ilianza utaratibu wa kumpa dawa za maisha kila mama mjamzito au anayenyonyesha mwenye virusi, bila kungoja kinga yake ishuke. Mama huyo anyonyeshe maziwa yake tu kwa miezi sita, kisha aongeze vyakula vingine na kuendelea kunyonyesha hadi mwaka mmoja na zaidi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 lilieleza kwamba anaweza kufikisha miaka miwili au kupita, ilimradi anameza dawa bila kukosa. Ikitokea mtoto amepewa uji kwa bahati mbaya, mama asikatishe kunyonyesha. Aendelee na dawa. Chuchu ikipasuka au titi likifanya jipu, aende kituo cha afya mapema, kwani hali hizo huongeza hatari.

Mama aliyepimwa na kukutwa hana virusi naye asijione amemaliza kazi. Akiambukizwa katika kipindi cha kunyonyesha, virusi huwa vingi mno katika siku za mwanzo, na mtoto huwa hatarini kuliko yule wa mama aliye kwenye dawa. Kwa sababu hiyo kipimo hurudiwa, na baba anaombwa kupimwa pia.

Mtoto wa mama mwenye virusi hupewa dawa ya kinga tangu kuzaliwa. Hupimwa afikapo wiki nne hadi sita kwa damu inayokaushwa kwenye karatasi, na vipimo hurudiwa hadi baada ya kuacha kunyonya. Jibu la kwanza zuri si jibu la mwisho.

Watumishi na waajiri wanakumbushwa kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 84 za likizo ya uzazi, au 100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baada ya hapo hadi saa mbili kila siku ya kazi za kumnyonyesha mtoto. Mtumishi anayeomba saa hizo halazimiki kueleza hali ya afya yake.