Alama ya Kung'ata na Dawa ya Kuua Vijidudu

Sisi tunaosomea meno watu hudhani kazi yetu ni kung'oa tu. Leo naomba niwaeleze jambo moja linalofanyika mgonjwa akishaondoka.

Ukitengenezewa kofia ya jino, daktari huweka nta au silikoni laini kati ya meno ya juu na ya chini, anakwambia ng'ata, tulia hivyo hivyo. Ikiganda inatolewa ikiwa na alama za meno pande zote mbili. Hiyo ndiyo inayomwonyesha fundi wa maabara jinsi taya zako zinavyokutana. Lakini inatoka na mate, pengine na damu. Virusi vya homa ya ini aina B huweza kudumu nje ya mwili siku 7 au zaidi, kwa hiyo kumpelekea fundi kitu hicho bila kukisafisha ni kumwonea.

Sasa, kazi iko kwenye kusafisha. Fundi ataibana ile alama kati ya sanamu mbili za plasta. Kama dawa imeilainisha itabonyea, kama imeivimbisha haitakaa sawasawa, na kofia itatoka na kimo kisicho chake. Na meno hayadanganyiki jamani, yanahisi kitu cha mikroni kama 20 hivi, chembamba kuliko unywele!

Silikoni ngumu ya kazi hii haishiki maji, dakika 10 ndani ya dawa haibadiliki sana. Polieta inanyonya maji, usiisahau kwenye beseni usiku kucha. Nta ndiyo dhaifu kuliko zote: ukiitia kwenye mashine ya mvuke ya nyuzi 121 utapata uji.

Wengine hupenda kupulizia dawa. Mimi sipendi, maana vishimo vingine havifikiwi na anayepulizia anaivuta kifuani. Bora kuzamisha kwa muda maalumu.

Kwa tutakaorudi kufanya kazi nyumbani, Jik ya asilimia 3.5 inafaa (soma chupa kwanza): sehemu 1 kwa 6 za maji, unapata asilimia 0.5. Ila anza kwa kuosha mate na damu kwa maji baridi, la sivyo uchafu utaimaliza nguvu klorini. Zamisha dakika 10, suuza, kausha, kisha andika kwenye mfuko kwamba imeshasafishwa, fundi naye asije akaizamisha tena.