Mzigo wa Klabu Ndogo
Mei 31, 1993, bendi ya Oasis ilipanda jukwaani King Tut's Wah Wah Hut, Glasgow, klabu inayochukua watu wapatao 300. Alan McGee wa kampuni ya kurekodi Creation Records alikuwapo, na usiku uleule akawaahidi mkataba. Agosti 1996 bendi hiyohiyo ilipiga kwenye uwanja wa Knebworth siku mbili, mbele ya watu wapatao 250,000. Uwanja ule ulivuna mbegu iliyopandwa klabuni, kwa hiyo ni haki viwanja vichangie kuziweka hai klabu.

Wapo watakaosema siku hizi kijana hurekodi chumbani, akapata mashabiki mtandaoni. Ni kweli, ila mtandao haumfundishi kumshika msikilizaji. Klabuni jukwaa ni la kimo cha goti. Mwimbaji wa roki huona nyuso za walio mbele, na wimbo ukilegea huona migongo ikielekea kaunta. Hapo ndipo bendi hujua wimbo upi ufupishwe na upi utupwe. Wengine husema biashara isiyojilipa ifungwe. Wanasahau kwamba hasara ya kulea bendi changa huibeba klabu, na faida huchukuliwa na wengine. Kwa hesabu za shirika la kutetea kumbi ndogo, Music Venue Trust, kumbi ndogo 125 za Uingereza zilifungwa au kuacha muziki mwaka 2023, ikiwemo klabu ya Moles ya Bath, ilikopita bendi ya Radiohead. Ufaransa hutoza asilimia 3.5 ya tiketi za maonyesho ya muziki kuisaidia sekta hiyo. Uingereza nayo ivitoze viwanja vikubwa, kwa sheria, si kwa hiari.