Jahazi Lililopinduliwa Juu ya Waumini

Kanisa linapojengwa Ikutha, huku Ukambani, kuta si tatizo kubwa. Udongo upo, tofali huchomwa hapo hapo, na mchanga wa mtoni huletwa kwa punda. Kazi hasa huanza ujenzi ukipita linta. Hapo huitishwa harambee ya pili, ya mbao na mabati, na hapo ndipo majengo mengi hukwama, yakabaki yamekodolea mawingu msimu baada ya msimu.

Je, wajua kwamba wanakijiji wa Uingereza wa miaka 700 iliyopita waliumizwa kichwa na jambo hilo hilo?

Makanisa yao ya parokia bado yamesimama kwa maelfu, na mengi yangali yanasaliwa. Kila moja lina sehemu kuu mbili: ukumbi wa waumini, na chumba kidogo cha madhabahu upande wa mashariki. Desturi iligawa hata gharama za ukarabati. Chumba cha madhabahu kilikuwa mzigo wa padri mwenye parokia. Ukumbi, pamoja na paa lake, ulikuwa mzigo wa waumini wenyewe. Nao walichanga. Parokia ilipika pombe, ikafanya sherehe uwanjani, na faida ikanunua mbao na risasi ya kuezekea.

Ukumbi huo waliuita kwa neno lililotokana na Kilatini, navis, yaani chombo cha baharini. Ukisimama ndani na kuinua macho, jina linajieleza. Mbao zimejipanga kutoka ukutani hadi kileleni kama mataruma ya jahazi lililopinduliwa. Katika kanisa la St Wendreda, mji wa March, mafundi wa karibu mwaka 1500 walichonga juu kule malaika zaidi ya 100, wametandaza mabawa juu ya vichwa vya watu.

Uzuri huo unabeba hesabu ngumu. Paa la mgongo haliukandamizi ukuta kwenda chini tu, linausukuma nje. Mtu akisimama kwenye sakafu inayoteleza huku ametanua miguu, ataielewa nguvu hiyo mara moja: miguu inazidi kwenda kando, labda mtu amfunge kamba baina ya vifundo. Kamba hiyo ndiyo ule ubao wa chini wa kenchi, ambao fundi wa Ikutha hakubali kuuacha hata mwenye kazi akilia bei. Mwingereza wa kale alitumia gogo zima la mwaloni. Alilichonga likiwa bichi, akaunga viungo kwa vigingi vya mti, na mbao zilivyokauka ndivyo viungo vilivyokazana.

Ila gogo lina urefu wake. Parokia ilipojaa watu, ukumbi haukuweza kutanuliwa hivi hivi, kwa sababu magogo ya kufika ng'ambo yalikuwa adimu na ya bei. Wakatoboa kuta za pembeni, wakaacha nguzo na matao, kisha wakaongeza kumbi nyembamba huku na huku, kila moja na paa lake. Nguzo zinazopendwa leo na wapiga picha zilizaliwa na uhaba wa miti mirefu. Mfalme aliweza kuruka kikwazo hicho: ukumbi wa Westminster, London, ulioezekwa upya miaka ya 1390, una upana wa mita 20 hivi bila nguzo hata moja katikati. Kijiji hakikuwa na hazina ya mfalme.

Pwani yetu ilibanwa zaidi. Boriti ya mkoko, mti mgumu usiotishwa na mchwa, hufika takriban mita 3 tu, ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za Lamu ni virefu na vyembamba. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulipopanuliwa mwanzoni mwa karne ya 14, waashi waliuvuka mpaka wa boriti kwa kujenga kuba na matao ya mawe ya matumbawe. Kazi hiyo ilikuwa ya rika moja na yale makanisa ya mwaloni.

Halafu akaja Askofu Edward Steere, yule yule aliyekiandikia Kiswahili kitabu cha sarufi. Siku ya Krismasi mwaka 1873, miezi michache baada ya Sultan Barghash kutia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa, jiwe la msingi la kanisa kuu la Kianglikana liliwekwa Unguja, mahali lilipokuwa soko lenyewe. Madirisha yake yenye ncha yanatoka Uingereza ya zama za kati. Paa halikutoka huko. Steere aliwaza kwa vitu vya kisiwani: matumbawe yaliyopondwa, yakachanganywa na saruji na kumiminwa kuwa tao moja refu linalovuka zaidi ya mita 8. Hapana boriti, hapana mwaloni. Alifariki mwaka 1882 na kuzikwa nyuma ya madhabahu, chini ya paa lake.

Ikutha ilipata wamisionari wake mwaka 1891. Walikuwa Walutheri wa Ujerumani waliokuwa wameanzia Jimba, karibu na Rabai, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kazi yao Ukambani iliangukia mikononi mwa Africa Inland Mission. Wageni hao walitoka katika nchi ya misonobari na theluji. Mti wa huku ni mukau, unaovumilia ukame wa Kitui na Makueni na usioliwa na mchwa kwa urahisi. Wakamba wameuchonga mizinga ya nyuki tangu zamani, na leo unapandwa mashambani kwa ajili ya mbao. Ukiulizia mwaloni wa Ukambani, ndio huo.

Tofauti kubwa iko pembezoni mwa paa. Kule Uingereza mvua ni adui: maji hutapikwa mbali na ukuta kupitia vinywa vya mazimwi ya mawe yaliyochongwa, yasije yakaloweka msingi. Ikutha, mvua ya Novemba ikianza kupiga mabati, mzee wa kanisa hutoka kwanza akaangalie mfereji wa bati kama umeziba majani, kisha anapanda kwenye tangi na kufungua mfuniko.