Ndege Ikiwa Nyepesi, Rubani Apunguze Mwendo

Msomaji, kama umewahi kuishi Nyamira, bila shaka walijua lori la majani chai. Likienda tupu kwenye vituo vya kununulia chai, shimo dogo tu hulirusha kama mpira. Likirudi kiwandani limesheheni, hutulia barabarani. Kwa hivyo dereva mwenye busara hupunguza mwendo lori likiwa tupu.

Je, wajua kwamba rubani naye hufanya vivyo hivyo? Wengi hudhani ndege yenye mzigo mzito ndiyo ya kwenda polepole hewa inapochafuka. La hasha!

Chukua Cessna 172S, ndege ya viti vinne inayotumiwa sana kufundishia marubani. Kitabu chake chaeleza kwamba ikiwa na uzito wa kilo 1,157, rubani asivute usukani hadi mwisho akiwa amepita kilomita 194 kwa saa. Ikiwa na kilo 862, kikomo hushuka hadi kilomita 167.

Sababu ni nini? Chini ya kikomo hicho, bawa likiinuliwa kupita kiasi huacha kubeba kabla ndege haijaumia. Juu yake, bawa huendelea kubeba, na nguvu yaweza kupita mara 3.8 ya uzito wa ndege, kiasi ambacho imeundwa kustahimili. Sasa, nguvu ile ile huirusha ndege nyepesi zaidi. Injini, ambayo uzito wake haukupungua, huvuta vishikizo vyake kuliko ilivyokusudiwa.

Kwa hivyo mwanafunzi anayeruka peke yake, mwalimu akiwa amebaki chini na mafuta yamepungua, hana budi kupiga hesabu upya kabla ya kukutana na mawingu ya alasiri ya nyanda za Gusii.

Hata hivyo, kikomo si hirizi. Tarehe 12 Novemba 2001, mjini New York, rubani wa Airbus A300 alikanyaga pedali za usukani wa mkia kulia na kushoto mara kadhaa. Mwendo ulikuwa chini ya kikomo, lakini mkia ulikatika na watu 265 wakafa. Kikomo hulinda tendo moja, si kurudiarudia.

Basi, mwanafunzi unayetamani urubani, usiikimbie hesabu. Huko juu hakuna kando ya barabara pa kuegesha.