Mfuko wa bodaboda ushonwe kama shogi la punda

YEYOTE aliyepanda bodaboda kati ya Garsen na Tarasaa wakati wa maembe anaijua adha hii. Gunia limefungwa kwenye keria kwa mpira uliokatwa kutoka tyubu kuukuu, dumu la maziwa linaning'inia kwenye usukani, dawa za mgonjwa aliyetibiwa Ngao zimo ndani ya koti la mwendeshaji, naye abiria amepakata kuku. Pikipiki ikiingia shimoni, usukani huyumba. Tope likiruka, dawa hulowa.

Tangu mwaka 2008, serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki zisizozidi cc 250, chombo hiki kimekuwa lori, matatu na ambulansi ya vijiji vya Tana Delta. Hata hivyo, pikipiki nyingi huuzwa zikiwa na kiti na keria basi. Tatizo hilo si la maskini pekee. Honda Gold Wing, pikipiki ya safari ndefu iliyotolewa na Wajapani mwaka 1975, iliuzwa bila mifuko na wenyewe wakajitafutia. Ni mwaka 1980 ambapo Honda ilitoa aina iliyofungwa masanduku kiwandani.

Waswahili walikuwa na jibu kabla ya injini kufika pwani. Punda wa Lamu alibebeshwa shogi, yaani mfuko mmoja mpana wa ukili unaolazwa mgongoni, ukaning'inia pande mbili. Uzito hukaa chini na kila upande humsawazisha mwenzake. Fundi cherehani yeyote wa Tarasaa anaweza kushona shogi la pikipiki kwa turubai, mradi azingatie tofauti kati ya punda na mashine.

Tofauti kubwa ni mahali pa uzito. Mzigo uliopandishwa juu ya keria, nyuma ya ekseli, huinua kidogo gurudumu la mbele, na gurudumu lisilokanyaga barabara sawasawa halitii usukani. Katika udongo mweusi wa Tana, ambao mvua ikinyesha huteleza kama sabuni, hapo ndipo watu huvunjika miguu. Kwa hiyo mifuko isogezwe mbele kadiri miguu ya abiria itakavyoruhusu, nayo ishuke chini ya usawa wa kiti.

Ukubwa nao una hila yake. Mfuko wenye urefu wa sentimita 40, kimo cha 30 na unene wa 15 huchukua lita 18. Ukijazwa maziwa, unakaribia kilo 18 na nusu. Miwili ni kilo 37, uzito wa mtoto mkubwa wa shule ya msingi. Abiria bado hajapanda! Mshonaji anayeongeza ukubwa ili kumfurahisha mteja anamchongea, kwani mfuko mkubwa haukosi kujazwa.

Mishono ndiyo hukatika kwanza. Wengi hushona mkanda kwenye ukingo wa juu tu, na mtikisiko wa barabara huuchana kabla ya mwezi kwisha. Mkanda bora huzunguka mfuko mzima kupitia chini, ili uzito ulalie mkanda badala ya kuning'inia kwenye uzi. Uzi wenyewe uwe wa nailoni, maana wa pamba huoza kwa unyevu. Zipu hushindwa na vumbi. Mdomo unaokunjwa mara tatu kisha kufungwa kwa bizimu huzuia maji vizuri zaidi. Jambo hili limekuwa na uzito zaidi tangu Agosti 28, 2017, Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ambayo wengi walifungia simu na karatasi zao.

Upande wa ekzosi, mfuko uwe mfupi na uzuiwe kwa bati lililofungwa kwenye chuma cha pembeni, pakiachwa nafasi ya hewa katikati. Turubai likigusa bomba la moto huyeyuka. Ncha za mikanda zikunjwe na kushonwa, kwa sababu mkanda unaopepea ukinaswa na mnyororo au sipoki husimamisha gurudumu ghafla.

Kimfuko cha juu ya tangi ni cha vitu vidogo: leseni, plagi ya akiba, viraka. Spana zisiwekwe hapo, zitakwaruza rangi na kumuumiza mwendeshaji akianguka. Zikae chini kabisa ya shogi, zikifungwa kitambaa zisigongane.

Kabla ya kumkabidhi mteja, fundi ajaze mchanga pande zote mbili, ageuze usukani hadi mwisho kushoto na kulia, akague kama taa za nyuma na nambari ya usajili vinaonekana, kisha pikipiki ipelekwe kwenye barabara mbovu na kurudishwa. Mshono uliofunguka hata kidogo urudiwe siku hiyo hiyo.