HEAD iliyotengwa (Git)

HEAD iliyotengwa ni hali inayotokea katika Git, mfumo wa kudhibiti matoleo ya faili, pale kiashirio kiitwacho HEAD kinapoelekea moja kwa moja kwenye komiti badala ya tawi. Hali hiyo si kosa, lakini kazi iliyofanyika ndani yake inaweza kupotea mtumiaji akiondoka bila kuipa jina.

Git ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kutunza msimbo wa Linux. Hutumiwa pia na miradi iliyoanzia Afrika Mashariki, kama vile Ushahidi ya Kenya.

Komiti, tawi na HEAD

Komiti ni kumbukumbu ya faili zote za mradi jinsi zilivyokuwa wakati fulani. Kila komiti ina namba yake ya utambulisho, na humtaja mzazi wake, yaani komiti iliyoitangulia. Tawi si nakala nyingine ya faili: ni jina tu linaloelekea kwenye komiti ya mwisho ya mfuatano huo. HEAD huonyesha mahali mtumiaji alipo. Kwa kawaida huelekea kwenye tawi, na kila komiti mpya inapoongezwa, tawi husogea mbele.

Jinsi inavyotokea

Kwa mfano, kikundi cha wakulima mjini Sumbawanga kina programu ya kurekodi mahindi yanayoingia ghalani. Mtengenezaji wake anataka kuona hesabu zilivyofanywa msimu uliopita, hivyo anaandika `git checkout` pamoja na utambulisho wa komiti ya zamani. Faili zinarudi kama zilivyokuwa siku ile, na HEAD inatengwa. Kusoma na kujaribu hakuna madhara. Lakini akirekebisha kosa na kuongeza komiti mbili, hakuna tawi linalosogea nazo. Akirudi kwenye tawi la `main`, komiti hizo zinabaki bila jina lolote la kuzifikia.

Kuokoa kazi

Kabla ya kuondoka, inatosha kuunda tawi papo hapo kwa amri `git switch -c jina-la-tawi`. Amri ya `switch` ililetwa na toleo la 2.23 mwaka 2019. Katika matoleo ya awali hutumika `git checkout -b`.

Aliyekwisha kuondoka anaweza kuandika `git reflog`, inayoorodhesha mahali HEAD ilipopita. Akiona utambulisho wa komiti yake, huipa tawi kwa `git branch jina-la-tawi utambulisho`. Yote haya hufanyika bila intaneti.

Hata hivyo, orodha hiyo iko kwenye kompyuta ileile tu, wala haipelekwi kwenye seva. Kwa mpangilio wa kawaida, taarifa za komiti zisizofikiwa na tawi hutunzwa humo kwa siku 30; baada ya hapo Git inaweza kuzifuta komiti zenyewe.